Majani ya Uzi wa Kijani

4 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Naamini mgongo umekupa nafuu, na jirani yako ameacha kuwafungulia kuku wake waje kuparua majani uliyoanika. Huku kwetu tunapumua. Mume wangu bado yuko kwenye ujenzi, jengo lao limefika ghorofa ya nne, na kila jioni anarudi mweupe saruji tupu hadi kope. Mimi bado nashona kola pale kiwandani. Wenzangu wamehamishiwa kwenye mifuko na vifungo, ila mimi msimamizi anasema mkono wangu umezaliwa kwa ajili ya kola. Mwaka wa tisa huu, Shangazi. Nikiona mtu njiani sioni uso, naona shingo.

Halafu nikuulize, ile barua yako ya mwisho uliiandika umekunywa nini? Mistari imepandana, mmoja juu ya mwenzake, mpaka mume wangu akasema labda unatuandikia kwa siri.

Sasa kaa chini ndipo uendelee kusoma. Nina mimba. Usipige vigelegele. Ile ya kwanza ulipiga mtaa mzima ukasikia, na baada ya wiki mbili tukalia wote. Nilinyamaza kwa makusudi mpaka mwezi ule uliomchukua yule wa kwanza upite. Umepita. Nina miezi miwili na siku kumi.

Muuguzi wa kliniki anasema damu yangu ni kidogo. Amenipa vidonge, na amesisitiza nile mboga za majani kila siku. Mchicha wa soko la hapa umenishinda, nimeona kwa macho yangu unamwagiliwa maji ya mtaro. Na kinywa changu kimegeuka, kitu kitamu kinanichefua, naota uchungu tu. Naota mchunga wako, ile mboga chungu unayoikausha kivulini. Nitumie. Na kama una kitu cha mikono ya mume wangu, saruji inamwasha mpaka anajikuna kwa ufunguo wa mlango.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako,
Sindano


21 Februari

Mwanangu Sindano,

Marahaba. Mgongo ni mgongo, umri wake ni wangu. Kuku hawajakoma, na nimemwambia mwenyewe kwamba yule jogoo mwekundu siku moja atakosekana na asiniulize. Mistari imepandana kwa sababu kalamu za siku hizi ni mbovu. Wewe soma maneno, mistari niachie.

Sikupiga vigelegele. Nilifunga meza yangu sokoni saa nne asubuhi, nikaenda nyumbani, nikajifungia, nikacheka peke yangu. Mteja mmoja alinifuata mpaka mlangoni akitaka mlonge wake, nikamwambia leo hakuna biashara, nenda zako. Miezi miwili unanificha! Mimi niliyekulea tangu mama yako alipofariki ukiwa huwezi hata kufunga kiatu! Haya, tutaonana.

Nakutumia vifurushi viwili. Sikiliza vizuri, maana wewe unasikilizaga nusu. Chenye uzi wa kijani ni mchunga. Huo ni wa kula. Nimeuosha mara tatu kabla ya kuukausha, nawe uuoshe tena, uupike uive, usile mbichi. Chenye uzi mwekundu ni mwarobaini, wa mumeo, achemshe aoge, apake mikononi. Huo usikaribie sufuria yako. Mwenye mimba hanywi mwarobaini, hata kama ana homa, hata kama nani amemwambia. Majani yote mawili nimeyafikicha ili yaingie kwenye kifurushi, kwa hiyo kwa macho yanafanana. Uzi ndio utakaokwambia. Bibi yako alifunga hivyo, mimi nimefunga hivyo miaka thelathini na moja, na hakuna mtu aliyewahi kurudi kwangu analalamika.

Mpelekee mumeo salamu, mwambie aache kujikuna kwa ufunguo, atachubuka.

Shangazi yako


30 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Sina habari za nyumbani za kukupa, maana sipo nyumbani. Nipo kwenye kitanda cha wodi, namba kumi na saba, karibu na dirisha lisilofunga.

Nilikula majani yako siku sita. Siku ya saba tumbo likanikamata nikiwa kwenye cherehani, nikadhani ni chango. Nikaendelea kushona. Nilipoinuka nikaona damu kwenye kiti. Msimamizi akapiga kelele kwanza kwa ajili ya kola zilizochafuka, ndipo akapiga kelele kwa ajili yangu.

Muuguzi aliuliza nimekula nini. Mume wangu akakimbia nyumbani, akaja na kifurushi nilichokuwa napikia. Muuguzi akanusa, akaweka kidogo kwenye ncha ya ulimi, akatema kwenye kitambaa. Akasema, "Huu ni mwarobaini. Nani kakupa mwarobaini na mimba hii?"

Nikamwambia, shangazi yangu. Anauza majani. Ana miaka thelathini na moja anauza majani.

Unajua alivyonitazama? Afadhali angenizaba kofi.

Ulinipa nini, Shangazi? Mimi nilikuomba mboga. Nilikuomba wewe, na soko lote la hapa nikaliacha, nikasema majani yatakayoingia tumboni mwangu yatoke kwenye mkono ninaoujua. Ningekula mchicha wa mtaroni. Mtaro usingenifanyia hivi.

Usiniulize habari za mtoto. Sikwambii.

Sindano


19 Aprili

Sindano,

Sikuulizi hujambo, maana najua huna la kunijibu. Mimi sijambo kwa kujilazimisha.

Barua yako imefika muda, kama unataka kujua kwa nini nimechelewa. Nimeisoma mara moja, nikaiweka chini ya godoro, nikaitoa, nikaisoma tena, nikairudisha. Mara ya tatu nilitoka nayo uani saa sita mchana, jua kichwani, nikaisoma kwa sauti. Jirani wa kuku akachungulia, akarudi ndani.

"Usiniulize habari za mtoto. Sikwambii." Nani alikufundisha kuandika sentensi kama hiyo? Mimi ndiye niliyekushikisha kalamu! Umeniacha wiki tatu sijui kama ninaye mjukuu au sina. Hata mtu anayemkamata mwizi wake humwambia alichoibiwa. Kama amekwenda, niambie amekwenda, nilie nimalize. Kama yupo, niambie yupo. Kunyamaza huku ni ukatili, na hukuurithi kwangu.

Halafu nikuulize, ulimi wako uko wapi? Siku sita unakula mwarobaini, ambao ukilamba jani moja uso mzima unajikunja, na hukuona tofauti na mchunga? Umekulia chini ya meza yangu ya sokoni! Ulikuwa unayajua majani kabla hujaijua herufi a.

Nijibu jambo moja tu, usinizungushe. Kifurushi ulichopikia kilikuwa na uzi gani?

Nimefunga kijani kwa mboga, nyekundu kwa dawa. Hivyo ndivyo nilivyofunga. Hivyo ndivyo ninavyofunga siku zote.

Shangazi yako, mpaka useme vinginevyo


9 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Yupo. Anacheza. Walinilaza siku kumi na tisa, nimerudi nyumbani. Daktari alisema hawezi kuapa kwamba ni majani, mimba hutishia kwa sababu nyingi, na yangu ya kwanza ilitoka bila jani lolote. Ila alisema mwarobaini si wa mjamzito na nishukuru haukuwa wiki mbili. Basi nimeshukuru.

Unauliza ulimi wangu uko wapi. Mwenye mimba ana ulimi? Maji yenyewe nayasikia chuma. Niliota uchungu, nikapata uchungu, nikasema huyu ndiye shangazi yangu, mkono wake haujabadilika. Nilikula kwa furaha, kama unataka kujua. Nilifuta mpaka sufuria.

Kiwandani wamenirudisha, lakini wamenitoa kwenye kola, nakata nyuzi zinazoning'inia. Naketi kwenye stuli na mkasi mdogo kama mtoto aliyeadhibiwa. Mume wangu mikono yake haijapona. Anaoga yale majani yako kila jioni na anajikuna vilevile.

Majani siyagusi tena. Si yako tu, ni yote. Mchicha, spinachi, majani ya maboga, chochote cha kijani kikiingia mlangoni natapika kabla hakijafika jikoni. Mama mmoja wa hapa uani alinipikia spinachi kwa huruma, nikamtapikia kwenye kanga. Muuguzi amepima damu, imeshuka kuliko Februari. Amenifokea. Anasema mboga za kawaida zilizooshwa na kuiva vizuri hazina kosa, na vidonge pekee havinitoshi. Nikamwambia ni rahisi kwake kusema.

Usinitumie kitu tena. Hata chumvi.

Sindano


28 Mei

Mwanangu,

Yupo. Nimelisoma hilo neno, nikakaa pale pale kwenye kizingiti. Ahsante, hata kama ulilitupa kama mtu anayetupia paka mfupa.

Sasa tumeshamaliza shukrani, nina hasira na wewe, na hizi si zile za Aprili. Hizi ni mpya.

Mimi unichukie. Sawa. Nichukie mchana kutwa, uchukie na kalamu yangu na mistari yangu. Lakini mchicha umekukosea nini? Spinachi ilikuja lini kwenu kukutukana? Unamnyima mtoto damu ili unikomoe mimi, na mimi niko mbali huku nakula nashiba! Unayemkomoa yuko ndani yako hapo, Sindano, na hana mlango wa kutokea akatafute chakula kwingine.

Nilikuwepo mama yako alipokuzaa. Sijawahi kukusimulia na sitasimulia leo, ila jua hili tu: aliingia chumba cha kuzalia hana damu, midomo myeupe, na alitoka humo kwa bahati tu. Wewe huijui bahati ile ilikuwa nyembamba kiasi gani. Mimi nilikuwa mlangoni.

Nenda sokoni mwenyewe. Kama hutaki wa mtaroni, tembea mpaka umpate anayemwagilia maji ya bomba, muulize, watu wanasema wakiulizwa. Chagua mchicha ambao mizizi bado ina udongo, ambao unaujua kwa sura na kwa harufu tangu utotoni. Uoshe jani moja moja, maji matatu. Upike uive. Huhitaji mkono wangu hapo. Huhitaji mkono wa mtu yeyote ila wako.

Meza yangu nimeipumzisha kwa sasa. Mgongo. Mwarobaini wote niliokuwa nao nimeutupa shimoni. Usiulize sana.

Na bado hujanijibu. Uzi gani?

Shangazi yako


2 Julai

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nakuandikia wakati wa mapumziko ya saa sita, nimekaa nyuma ya bohari la vitambaa, karatasi iko juu ya goti kwa sababu tumbo limechukua mapaja yote. Mume wangu mzima. Jengo lao limefika ghorofa ya saba. Mtoto anapiga mateke kila mashine zikizimwa, nadhani ameshazoea kelele, kimya ndicho kinachomtisha.

Jana muuguzi alifunua kope langu, akatazama, akafunga daftari. Hakufoka. Hilo ndilo lililonitisha, Shangazi, kwamba hakufoka. Alimwita mume wangu pembeni, akamwambia atafute watu wawili wa kunitolea damu, wakae tayari siku ya kuzaa. Mume wangu alirudi pale benchini uso umemsawijika, akanishika kiwiko kama anamshika mzee.

Basi nitakujibu.

Uliniuliza uzi gani mara mbili, na mara mbili nimeruka. Sijui uzi gani. Havikuwa na uzi.

Vifurushi vilipofika nilikuwa na hamu ya kumfumia mtoto kofia. Unajua hapa getini wanatupekua tukitoka, mpaka kwenye nywele. Mwaka jana mwenzetu alifukuzwa kwa sababu ya uzi urefu wa mkono, ulimnata kwenye sketi, hata hakujua. Miaka tisa nashonea shingo za watu nisiowajua, na sina uzi hata mmoja wa mwanangu. Halafu nafungua mzigo wako naona sufu nzuri, ndefu, mizunguko mingi kama kawaida yako, nyekundu na kijani. Nikasema hizi hapa, na zimetoka kwa Shangazi, zitambariki. Nikazifungua zote mbili siku ile ile. Vifurushi nikavifunga kwa vipande vya shuka jeupe. Nikaviweka juu ya kabati, nikajiambia wa kula uko kulia.

Kulia, Shangazi. Kulia nikiwa nimesimama wapi? Kabati letu liko katikati ya chumba, ndilo linalotenga kitanda na jiko. Ukisimama jikoni kulia ni huku, ukikaa kitandani kulia ni kule. Nadhani nilivipanga nikiwa kitandani, siwezi kuapa. Nilikuwa nachukua nikiwa jikoni. Sikuliwaza hilo mpaka nilipokuwa wodini, siku ya tatu, nimelala natazama dari. Likanijia lote kwa pamoja, na nikajifunika shuka mpaka usoni.

Kwa hiyo nilipokuandikia ile barua kutoka wodini nilikuwa nimeshajua. Hicho ndicho kinachonichoma. Nilikuwa najua, nikachukua kalamu, nikakulaumu wewe. Nilikuwa na hasira nyingi kiasi kwamba zilihitaji mtu, na mimi sikutaka niwe mtu huyo. Nilisema kama ni mimi niliyemfanyia mwanangu hivi nitakufa. Ila kama ni Shangazi, Shangazi ana mabega.

Na majani siyali si kwa sababu ya mkono wako. Ni kwa sababu ya wangu. Nikishika jani naona mkono wangu unaingia juu ya kabati.

Kofia ndiyo hii. Nimeimaliza Aprili, nikaificha. Siwezi kuwa nayo nyumbani. Ichukue wewe, ifumue, itupe, ufanye unavyotaka. Nyekundu ni yako, na kijani ni yako.

Nitukane. Nimejiandaa.

Sindano


20 Julai

Wewe mtoto,

Leo hakuna salamu.

Nimekutukana siku mbili. Nimekutukana nikiosha vyombo, nimekutukana nikifagia uani, nimekutukana mbele ya kuku wa jirani mpaka jogoo akaenda kujificha. Miezi mitatu umenibebesha damu ya mjukuu wangu! Unajua nilivyokaa? Nilikuwa nikipita sokoni wanawake wajawazito wananisalimia nami nageuza uso, nasema wasinikaribie hawa, mkono wangu una nuksi. Nilifunga meza! Nilisema mgongo, mgongo wangu hauna kitu, mgongo wangu unaweza kubeba gunia hivi sasa. Nilifunga kwa sababu yako. Una mabega, unasema. Nani alikwambia yana nafasi?

Nimemaliza hayo. Sasa keti, maana kuna la pili, na hili sikutaka ulijue mpaka nizikwe nalo.

Nilipoifungua kofia yako nilikwenda nayo uani, saa sita, juani. Nikaigeuza. Ulisema nyekundu na kijani. Mimi naona kofia ya rangi moja. Naona rangi ya chai.

Macho, Sindano. Ni mwaka wa pili sasa. Yalianza kama ukungu wa asubuhi, nikasema utapita. Mistari haikupandana kwa sababu ya kalamu. Barua zako nazisoma mchana wa jua kali tu, ndiyo maana zinachelewa kujibiwa, nangoja siku isiyo na mawingu. Sokoni nilikuwa nauza kwa pua na kwa vidole, na wateja wanasema Mama Majani anajua mpaka kwa harufu, kumbe Mama Majani haoni. Februari nilipofunga vifurushi vyako nilikuwa na mafua. Pua imeziba. Nilivikunja, nikachukua sufu kwenye kikapu, nikasema hii itakuwa kijani, hii itakuwa nyekundu. Itakuwa! Nilijua ninachofanya ni kubahatisha, na sikumwita mtu aniangalizie, kwa sababu ningemwita mtu angejua, na angejua mmoja lingejua soko zima.

Ndiyo maana nilikuuliza uzi gani, uzi gani, kama karani wa mahakama. Nilitaka useme mwekundu, ili kosa liwe lako. Umenisikia? Nami nilitaka liwe lako. Tulikuwa tunarushiana mtoto huyu kama kaa la moto, kila mmoja na barua yake.

Kwa hiyo nani? Labda mimi nilifunga vibaya, na wewe ukachukua cha kulia sawasawa. Labda mimi nilifunga sawasawa, na kulia kwako kukageuka. Hatutajua. Nimelala nalo, nimeamka nalo, halijulikani. Basi tukate katikati. Nusu yako, nusu yangu, na nusu yangu nitaikasirikia mwenyewe, usinisaidie.

Lakini sikiliza, kwa sababu hapa ndipo nina hasira kweli. Mkono wako si wa kuogopa. Mkono wako ulifanya kosa la mtu aliyempenda mwanawe akakosa uzi. Huo ndio mkono nitakaoutuma sokoni kesho asubuhi. Hutafungua kifurushi cha mtu. Utanunua mchicha mbichi, jani zima, unaloliona na kulijua. Wewe una macho! Unaona kijani! Unajua ni wangapi wetu tungetoa chochote ili tuone kijani? Na unakitapika!

Utaosha, utapika, utakula. Ukitapika, utapika tena. Mume wako akae mbele yako mpaka sahani iwe tupu, mwambie ni amri ya shangazi mkwe, kipofu nusu na mwenye hasira mbili.

Kofia siifumui na sikurudishii. Itakaa hapa mpaka niambiwe kuna kichwa cha kuivaa.

Shangazi yako


3 Septemba

Shangazi yangu,

Shikamoo, shikamoo tena, na ya tatu ni ya mwenyewe hapa, amelala kifuani mwangu na ngumi moja imeshika kola ya gauni langu. Kola, Shangazi. Kati ya vitu vyote.

Barua yako ilifika tarehe thelathini Julai. Niliisoma nimesimama mlangoni, nikalia, nikakasirika, nikacheka kwa ile ya jogoo, nikakasirika tena. Miaka miwili huoni, na ulikuwa unaniuliza mimi ulimi wangu uko wapi! Ungeniandikia neno moja tu, nisingekuomba kifurushi, ningekuomba uje. Nusu yangu ya kosa nimeipokea. Nusu yako nitakukasirikia mwenyewe, utake usitake.

Kesho yake nilikwenda sokoni. Nilitembea meza kumi na moja nikiuliza maji. Wa kumi na mbili ni mama mnene ana bomba nyuma ya nyumba yake, alinipeleka nikaliona. Nilinunua mafungu mawili. Niliosha jani moja moja, maji matatu, mume wangu akisimama nyuma yangu anahesabu kwa sauti kana kwamba anamwaga zege. Nilitapika siku ya kwanza. Siku ya pili nilitapika. Siku ya tatu nilikula nusu sahani huku nakutukana wewe kila kijiko, na ikakaa tumboni. Nadhani matusi ndiyo yaliyoishikilia. Baada ya hapo nilikula kila siku mpaka wiki ya mwisho.

Damu ilipanda. Haikupanda ya kutosha, lakini ilipanda. Kati ya wale watu wawili alihitajika mmoja tu, fundi mwenzake wa mume wangu. Muuguzi alinifunua kope, akafoka kwamba nilichelewa kuanza. Nilifurahi mno aliponifokea.

Ni msichana. Ana sauti, wodi nzima iliijua. Amepimwa, yuko sawa, vidole vyote, na tumempa jina lako, kwa hiyo nikimfokea usidhani nakufokea wewe, ingawa mara nyingine itakuwa wewe.

Sasa ni amri yangu. Mume wangu ameulizia hospitali ya macho, iko nyuma tu ya jengo wanalojenga, wanaona wagonjwa Jumatatu na Alhamisi. Amepata ruhusa, atakuja kukuchukua tarehe kumi na mbili. Utamtambua kwa kujikuna. Usimwambie una mgongo, nimeshamwambia mgongo wako unabeba gunia. Usilete majani. Usilete kifurushi cha aina yoyote, kiwe na uzi au kisiwe na uzi.

Lete kofia. Kichwa kipo.

Sindano